Karani wa Mizani

Perpetua, binti Mhina,
ulinifunga mkononi saa isiyojali kama ni adhuhuri.
Ilitaka moyo. Ilitaka hatua. Ilitaka kujua
nimelala saa ngapi, na nimelalaje.
Ukanisomea maneno ya simu kwa sauti,
maana miwani nilikuwa nimeikalia:
"Unaruhusu mlezi wako aone?"
Kidole kikasita juu ya kioo
kama kuku anayetaka kuvuka reli.

Usinione mshamba. Namba nazijua.
Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani
kwenye shamba la mkonge, njia ya Pangani.
Robota likipanda, naandika; likishuka, naandika,
singa zimenijaa kwenye nyusi.
Nimewaona walioilowesha katani usiku
ili kukicha iwe nzito.
Nimekuta jiwe katikati ya robota,
limelala kama yai.
Mizani haisemi uongo, mwanangu,
ila hubeba chochote inachobebeshwa.

Nikabonyeza. Ruhusu.

Wiki ya kwanza nilikuwa mwema.
Msikitini na kurudi, dukani kwa Mdoe na kurudi,
nikihesabiwa kama korosho.
Ulitaka hatua elfu tatu. Nikapata elfu moja na ushei,
goti likinidai madeni ya ujana.
Nikapanda baiskeli, nikapiga pedali hadi Chuda,
nimerudi jasho tupu, saa imeandika: umekaa.
Tanga hii! Nani aliyeunda saa
isiyoijua baiskeli?

Basi nikafanya kile nilichowafukuzishia watu kazi.
Nikamvalisha saa mjukuu wangu Mbwana,
akaenda nayo mpirani Tangamano.
Jioni ukapiga, kicheko umekificha mgongoni:
"Mzee Mbaruku, hatua elfu kumi na nne.
Moyo mia na sabini na moja.
Ulikuwa unafukuzwa na nani?"
Nikasema, "Na wadeni."
Ukacheka mpaka nikamsikia mgonjwa wa wodini
anauliza kuna nini.
Kisha ukanyamaza. Kisha, polepole:
"Nikikesha na moyo wa Mbwana,
wako atakesha nao nani?"

Jiwe nikalitoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nassoro, mwanangu wa Dodoma, naye anazitaka.
"Baba, niunganishe na mimi."
Nimemkatalia. Yeye hunipenda kwa hofu:
namba ikipanda kidogo, shangazi zake wote
watakuwa mlangoni kabla ya chai, wanalia.
Wewe unasoma kama mtu aliyeombwa
kumsomea jirani barua:
nukta ya mwisho ikifika, unaikunja,
unamrudishia mwenyewe.

Juzi saa nane usiku
moyo ulipanda hadi mia na kumi na nane,
nami nimekaa kitandani, taa nimezima.
Asubuhi ukaja na kipimo cha presha
na mkate wa kumimina ndani ya gazeti.
Ukapima. Ukaandika. Ukapima tena.
Swali nililiona, limekaa midomoni mwako
kama pini ya fundi cherehani.
Ukalichomoa, ukalichomeka kwenye ukosi wa sare yako,
ukanitilia chai.

Siku moja nitakueleza habari ya mvua juu ya bati
na kanga iliyosahauliwa kwenye kamba.
Siku moja. Si leo.
Mapigo nimekupa, yote, usiku na mchana,
hata yale yanayoniaibisha.
Sababu zake bado ziko kwangu,
na wewe, nashukuru, hujawahi kupekua.

Haya, inatetemeka tena: inuka, utembee.
Nipe fimbo. Twende hadi kona ya barabara ya kumi na mbili,
turudi kwa upande wenye kivuli.
Wewe hesabu,
mimi nitaandika.