Lita Tano

Pikapu ya Mzee Chitanda ilifika ikivutwa kwa kamba,
saa nne, jua la Newala bado lina adabu,
boneti imeachama nusu
kama mdomo wa mtu aliyedaiwa mbele za watu.

"Inakunywa maji," akasema, "nami nainywesha."
Tangu korosho zianze kuanguka,
kila asubuhi lita tano.
Lita tano! Juu ya mlima huu,
ambako bibi yangu mzaa mama aliteremka bondeni
jogoo hajawika,
akapanda na mtungi kichwani, mama yangu mgongoni,
na tone likimponyoka
alisimama akilitazama
mpaka ardhi imalize kulimeza.

Sikumwambia. Nilifungua boneti.

Harufu ikanipokea mlangoni:
utamu wa kulanti iliyoungua
na nyuma yake, haki ya Mungu, pilau.
"Mzee, umetia nini humu?"
Akavitazama viatu vyake.
"Bizari. Kijana mmoja wa stendi kasema inaziba."
"Na nini tena?"
"Yai."
"Moja?"
"Mawili."

Huwezi kuona panapovuja mpaka uoshe.
Ndilo la kwanza alilonifundisha Fundi Nandonde,
kabla ya spana, kabla ya jina la kitu chochote:
injini chafu huvuja kila mahali,
injini safi huvuja mahali pamoja.

Nikaiacha ipoe. Mfuniko wa rejeta hauna urafiki.
Nina kovu hapa, chini ya kiwiko, la mwaka wa kwanza,
nilipoharakisha kuwaonyesha kwamba mwanamke anaweza.
Ilipokubali kushikwa nikalegeza koki ya chini,
nikakinga karai:
kijani iliyozeeka, kutu, nyuzi za yai
zikizunguka taratibu kama zinatafuta mlango.
Iliyomwagika sakafuni nikaifunika maranda.
Mbuzi wa Bi. Somoe akaja na shingo yake ndefu,
maana kulanti ni tamu, na utamu wake ni wa kuua figo.
Nikamfukuza kwa tambara. Akarudi.
Nikamfukuza kwa kumtaja mwenyewe.

Kisha mswaki wa zamani wa mwanangu,
sabuni ya unga kiasi cha chumvi ya mboga,
na ndoo moja. Nilisema moja.
Nikasugua magamba yaliyoganda ubavuni mwa bloku,
nyuma ya pampu, chini ya mkanda wa feni,
mahali ambapo vidole hufika na macho hayafiki.
Maji yakishuka meusi, halafu ya majivu,
halafu nikaanza kuona rangi ya chuma
ambayo hata mwenye gari hakuwahi kuijua.

Nikaifuta. Nikajaza. Nikawasha.
Tukangoja, mimi na tochi.

Na pale, kwenye paipu ya chini,
kibanio kimelegea. Tone. Likakaa. Likafikiri.
Likaanguka.

Bisibisi. Nusu mzunguko.
Basi.

Mzee akaketi juu ya tairi bovu,
akahesabu kwa vidole, akarudia.
"Miezi mitatu," akasema. "Ndoo ngapi hizo?"
"Ishirini na mbili na nusu."
Ile nusu ndiyo iliyomuuma.

Ya karaini nikaitia dumu, na ya kuoshea pia,
nikaandika SUMU kwa chaki, pande zote mbili.
Ndoo nzima ya maji
ambayo haitamwagilia hata shina la mchicha.
Nimeiomba radhi, sijui nani.

Robo saa injini ikinguruma
nililala chali chini yake, mgongo kwenye maranda,
tochi kwenye kibanio,
nikitazama kama alivyotazama yule bibi,
ila mimi nikiomba tone lisije.

Halikuja.

Nikatoka, nikajikung'uta.
"Mzee," nikamwambia, "mayai yaliyobaki nyumbani,
kula."