Chonge

Banda la Pazi, Tandika, nyuma ya mashine ya kusaga:
mia mbili mlangoni, mia ukikaa chini.
Mimi sikulipa. Mimi nilikuwa sauti.

Maana Pazi alimuweza kila aliyetokea kwenye kioo:
polisi wa Tokyo, mbwa, treni, mvua,
hata yule bwana wa koti jekundu
aliyekufa mara nne na kufufuka nywele zimechanwa.
Ila msichana hakumuweza.
Akijaribu, banda zima linacheka,
na katuni ile haikuwa ya kuchekwa.
Akaniita. Miaka kumi na moja,
chonge ya kushoto imeng'oka juzi.
Akanipa kipaza sauti kilichozungushiwa selotepu
na soda moja, ndiyo mshahara.

Tatizo likawa jina.
Kwao Japani wanamwitaje, hatukujua.
Siku ya kwanza Pazi akasema jini.
Sauti gizani: jini gani anaogopa jua?
Akasema popobawa.
Majirani zetu wa Pemba wakainuka, wakadai hela zao.
Akasema mnyonyaji,
na mzee Kingalu, mjumbe wa nyumba kumi wa zamani,
akauliza kwa heshima zote:
"Huyu mtoto ni bepari?
Mbona mrija siuoni?"

Jina alikuwa nalo bibi.
Alikuja kunitafuta na kiboko,
akasimama mlangoni, akayaona macho yale, visahani,
jino limegusa shingo, damu imechorwa nyeusi
kwa sababu ya usiku, au kwa sababu ya tivii yetu.
"Mumiani," akasema.
Hakunichapa. Alinishika mkono,
na njia nzima akanisimulia gari jekundu la zimamoto
ambalo halikuwahi kuzima moto wowote Keko,
na mjomba wake aliyetumwa mafuta ya taa:
chupa ilionekana, mjomba hakuonekana.
"Lakini wale hawakulia," akasema, tumeshafika uani.
"Huyu wenu analia. Analilia nini?"

Analilia miaka mia tatu ndani ya sare ya shule.
Maua yanadondoka, yeye hadondoki.
Kila anayempenda ni chakula.
Hayo nimeyaelewa ukubwani. Siku ile
aliongea dakika mbili kwa Kijapani,
na Pazi akaninong'oneza: sema, "Nina njaa, nisamehe."
Nikasema.
Mdomo wake ukabaki unachezacheza
bila neno.

Leo, Hospitali ya Temeke.
Chausiku, mdogo wangu, ana selimundu;
mifupa inamng'ata kutokea ndani.
Daktari anataka chupa mbili. Benki ya damu imekauka.
Ukoo umekaa kwenye benchi, unatazama simu.
Huyu ana presha. Yule anasema hajala.
Ami Mwinshehe peke yake ndiye msema kweli:
"Damu ikishatoka, nani anajua inakokwenda?"
Nusura niangalie mlangoni kama bibi anakuja.

Kunja ngumi, anasema muuguzi. Kunjua. Kunja.
Naye ana koti jeupe, na kucha fupi, na usingizi.
Mrija unajaa,
mzee Kingalu, mrija huu hapa,
na damu yangu, naapa, ni nyeusi,
ile ile ya banda la Pazi;
tivii haikuwa na kosa.

Saa tisa usiku mfuko unaning'inia juu ya kitanda.
Tone. Halafu unadhani limekwisha. Tone.
Chausiku anafumbua macho, makubwa, hayana usingizi tena,
ananitazama kama mtu mwenye hotuba ndefu,
kisha anasema:
"Chipsi hakuna?"

Nakaa kimya nangoja,
maana mdomo bado unachezacheza.