Faharasa ya Arvīds

Asilimia tisini na saba.
Namba nyekundu kwenye kioo, saa sita na dakika kumi usiku,
na nje Rēzekne imelala chini ya theluji,
mabomba yakipeleka maji moto nyumba hadi nyumba,
na kila nyumba, kila robo saa, ikituma neno moja: digrii.
Miaka kumi na tisa ya neno hilo
imo ndani ya jedwali moja, diski moja,
na mlinzi wake ni mimi.

"Lakini jana umefuta," Normunds anasema kwenye simu,
"rekodi milioni mia nne, nimeona mwenyewe.
Mbona diski haijashuka hata nukta?"
Sauti ya mtu anayehesabu chenji mbele ya muuzaji.

Normunds, nenda jikoni kwa mama mkwe wako.
Tazama rafu ya uyoga wa siki.
Mmekula tangu Oktoba,
mitungi imerudi rafuni mitupu, imeoshwa, imefunikwa,
na mtungi mpya hauna pa kukaa.
Kufuta ni kula tu.
Debe tupu, hata lisipovuma, bado ni debe.

Kimya. Kisha: "Basi ondoa mitungi."

Ndiyo, bwana.
Ila kulibana jedwali ni kulinakili upya:
rekodi zilizo hai zihamie faili jipya,
na la zamani lisivunjwe mpaka ya mwisho ifike.
Nafasi hununuliwa kwa nafasi.
Nahitaji gigabaiti mia mbili na themanini.
Mfukoni nina arobaini.

Nikapekua. Makombo, makombo,
halafu chini kabisa faharasa moja
yenye jina lisilofanana na mengine: baridi_usiku.
Gigabaiti mia tatu na kumi.
Mara ya mwisho kuulizwa: miaka sita iliyopita, Machi.

Ya Arvīds hiyo,
aliyekunywa chai kwa glasi na kuwatukana watu wa bili,
aliyekuwa akitoroka kazini saa tisa alasiri na mkoba wake,
nasi tukikonyezana kwamba anaiwahi baa.
Alistaafu Aprili. Hakuacha hata mstari wa maelezo.

Faharasa ukiidondosha, nafasi hurudi papo hapo,
haidai nakala wala subira.
Amri yenyewe maneno matatu. Nimeshayaandika.
Lakini nani hujenga jumba kubwa hivi
kwa swali asilokusudia kuliuliza?

Basi nikaliuliza mimi, mara moja, la kuagia:
nyumba zipi, kati ya saa nane na kumi na moja usiku,
zimekaa chini ya digrii kumi na mbili
siku saba mfululizo?

Jibu lilifika kabla sijainua kidole.
Kumi na moja.
Mtaa wa Latgales, fleti ya saba: digrii tisa.
Mtaa wa Dārzu, fleti ya tatu: nane.
Hawakukatiwa. Hawadaiwi.
Kwa watu wa bili hawa ni wateja wema,
wanatumia kidogo, wanalipa mapema.
Vali wamezifunga wenyewe.

Nikaandika zote kumi na moja
nyuma ya risiti ya duka la dawa, kwa kalamu.
Kisha nikadondosha.

Sabini na nne.
Nikalifunga jedwali, nakala ikaanza,
namba ikapanda tena, themanini, tisini,
tisini na tano, nami nimeshika ukingo wa meza
kana kwamba meza ndiyo itakayojaa.
Saa kumi na moja kasoro, la zamani likavunjwa.
Arobaini na saba.

"Unaona?" Normunds, asubuhi, theluji mabegani.
"Hatukuhitaji kununua diski."

Mtaa wa Latgales lifti ni mbovu.
Fleti ya saba ilifunguka kiasi cha mnyororo,
mwanamke ndani ya koti na kofia ya sufu.
"Wa bili?"
Nikasema hapana.
Akanitazama mikono, mitupu.
"Yule mwingine," akasema, "alikuwa anakuja na bisibisi."