Karani wa Mzani

Kazi yangu Kurasini ni kupima malori.
Linaingia limejaa, naandika.
Linarudi tupu, naandika.
Natoa dogo katika kubwa; kinachobaki ndicho mzigo.
Miaka kumi na tisa sijamdhulumu mtu hata gunia.

Mimi mwenyewe sikuwa nimepimwa
mpaka nesi wa Temeke aliponipandisha
kwenye kile kimzani chake cha sakafuni:
tisini na nne.
Akanifunga mkono kwa kitambaa kinachovimba,
akatazama, akatazama tena.
"Dada Asteria, moyo wako
unapanda mlima na wewe umekaa kitini."

Basi nikanunua raba Tandika, za mtumba,
ya kushoto imelika kisigino
kwa mguu wa mtu nisiyemjua.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri
klabu hukutana kituo cha mafuta,
fulana za njano, mmoja na filimbi,
na mbele yao Mama Tabu, muuza supu ya utumbo,
kiuno cha pipa, pumzi za punda.

Siku ya kwanza nilifika nguzo ya tatu.
Nguzo za umeme za Barabara ya Kilwa
nimezipa majina:
hii Kichomi,
hii Kutema Mate,
hii Nani Kaniroga.
Mama Tabu akanipita akiimba,
akarudi akiimba, akanikuta palepale.
"Ukishindwa kuongea, punguza mwendo.
Ukiweza kuimba, ongeza.
Mbio si za miguu, mwenzangu, ni za moyo.
Miguu ni abiria tu."

Nikakimbia mwezi. Nikakimbia wa pili.
Nesi: tisini na tatu na nusu.
Nikamtazama kama madereva wanavyonitazama
nikiwaambia wamezidisha.

Usiku nikakaa na hesabu, maana hesabu ndiyo ugali wangu:
nusu saa ya jasho
ni chapati moja, na kipande.
Nami nilikuwa nikitoka mbio moja kwa moja
hadi benchi la Mama Tabu huyohuyo,
bakuli la supu, chapati tatu,
"umefanya kazi, kula."
Nashusha mzigo mlango wa nyuma,
naupakia mlango wa mbele.
Mbio hazikunidanganya.
Mimi ndiye niliyezidanganya mbio.

Chapati ikawa moja.
Ijumaa ya mshahara mbili, sikufichi.

Lakini kuna jambo mzani haukulisema.
Kibanda changu kina ngazi kumi na nane za chuma.
Zamani ya tisa ilikuwa kituo:
nilisimama, nikajifanya nasoma namba za magari.
Siku moja nikajikuta juu, simu sikioni,
namgombeza fundi bomba,
na neno halijakatika.
Nikashuka. Nikapanda tena, makusudi.
Mlinzi akadhani nimesahau funguo.

Jana, zamu imeisha, geti limefungwa,
nikasimama katikati ya chuma cha malori,
raba na yote.
Mzani ule haujui kilo moja moja;
huhesabu ishirini ishirini.
Januari, siku ya hasira, uliniandika mia.
Jana namba nyekundu zikatulia dirishani: themanini.

Kilo ishirini!
Nesi asubuhi alikuwa amesema themanini na tisa.
Tano, kwa miezi saba.
Najua nani mkweli kati yao,
ndiyo kazi yangu kujua.
Hata hivyo nikachapa tiketi.

Namba ya gari: hakuna.
Dereva: mimi.
Bidhaa:
hapo kalamu ikasita.
Uzito wa gari tupu je?
Ukitoa chapati, ukitoa deni la VICOBA,
misiba miwili ya mwaka jana
na miaka kumi na tisa ya kiti,
kipi mzigo, kipi gari?
Nikaacha pengo. Sijawahi kuacha pengo kwenye tiketi.

Kesho saa kumi na moja na nusu.
Nani Kaniroga siku hizi naipita nikiongea.
Kuimba bado.