Chaji

Kibandani kwangu Konde, mkabala na mashine ya kusaga,
nimeandika kwa rangi iliyobaki ya dirisha:
CHAJI MIA TATU. KISWASWADU MIA MBILI.
Mwaka wa nne huu nalitamka neno hili kutwa,
wala sijawahi kuliuliza kwao wapi.

Jumatano ndio usiku wa skuli ya watu wazima.
Mwalimu Shaame ana kamusi isiyo jalada,
inaanzia herufi B, A ilikwenda na mvua.
Akaliandika ubaoni, akapangusa chaki surualini:
"Haya, nambieni maana."
Nikainuka mbele ya wote, kifua mbele:
kuitia simu umeme.
"Hiyo moja," akasema. "Bado."

Bado?

Hamadi wa bucha akapandisha suruali, akaonyesha kovu.
Chwale, mwaka ule wa mchezo mkubwa,
zumari limepamba moto, wanawake wanaimba,
fahali akainamisha kichwa, akamvaa.
Hiyo nayo, akasema mwalimu. Chaji.
Kwetu ng'ombe humvaa mtu, humrukia, humvamia,
humjia mbio,
na anayeumia hulala chini akachagua lipi.

Salhina wa zahanati akasema: bei.
Si bei, ada. Si ada, gharama. Malipo. Ujira.
Alihesabu vidoleni, akafika kidole gumba
akakibana, kama mtu aliyekumbuka risiti.

Ya nne niliijua, nikanyamaza.
Niliisikia Wete, mahakamani,
kaka yangu Faki kasimama kizimbani
na kandambili moja iliyokatika ukanda:
magunia mawili ya karafuu, bila kibali, saa nane za usiku.
Karani alisema shitaka. Wakili alisema tuhuma.
Mama, nje barazani, alisema balaa.
Kumbe ndani ya jalada la hakimu
lilikuwemo neno langu mwenyewe, lile la kibandani.

Nikakasirika, sikufichi.
Watu gani hawa, umeme na pembe na deni na jela
wakatia gunia moja, wakafunga kamba?
Sisi kila kitu kina pakacha lake,
hata mbata na nazi mbichi hatuzichanganyi.
Nililisema hilo kwa sauti. Hamadi akanipigia kofi.

Mwalimu alicheka tu. Akaisogeza kamusi kwenye taa.
"Ipo nyengine, chini kabisa, maandishi ya sisimizi:
mtu uliyekabidhiwa umtunze."
Amana, akasema. Au dhamana. Au mlelewa.
Alijaribu moja baada ya moja, kama funguo,
hakuridhika na hata mmoja.

Dada yangu Zuwena alipokwenda Maskati kwenye kazi za nyumba za watu
alinipa begi, kadi ya kliniki,
na Mize, miezi kumi na minne.
Hakusema amana. Alisema: usimpe pilipili.
Jirani huniita mlezi. Sheha kaandika msimamizi.
Mize mwenyewe huniita mama,
kisha hujisahihisha.

Nilirudi saa nne. Faki ndiye aliyenikalia kibanda,
faini yake tumeimaliza Rajabu,
sasa anang'ang'ana na mita ya betri kama nahodha.
Mize kalala juu ya kaunta, baina ya nyaya,
shavu kwenye kanga yangu kuukuu,
na simu za watu, kumi na moja, zinamwashia
vitaa vyekundu usoni.

Akasimama kijana wa bodaboda, hajazima injini:
"Dada, chaji ipo?"

"Ipo," nikamjibu, "lakini imelala."

Akadhani nasema sola.
Akaenda zake.