Hesabu ya Jioni

Kaka yangu Mwepu alirudi Katuba Jumanne moja ya vumbi
na mfuko wa plastiki: kijiko, kandambili,
karatasi ya kuachiliwa iliyokunjwa mara nane.
Majirani walipiga vigelegele. Akawaomba radhi,
akatafuta ukuta, akauegemea.

Miaka sita Kasapa, kwa nyaya za shaba
ambazo hata hakimu hakuwahi kuziona.
Minne kati ya hiyo ilikuwa ya kumngoja huyo hakimu.

Hatukujua kwamba mtu hutoka gerezani vipande vipande.
Miguu ilitangulia. Mikono ilifika wiki ya tatu,
aliponinyang'anya mwiko akasonga bukari, madonge matupu,
tukaisifu.
Tumbo lilichelewa. Alikula nusu,
nusu akaificha ndani ya foronya.
Niliwakuta sisimizi. Nikanyamaza, nikafua.

Lakini kila siku, saa kumi na mbili jioni,
alisimama penye mlango wa lupango
kidole mbele, akituhesabu.
Tukitimia sita, alilala.
Tukiwa watano, mume wangu akikwama na lori njia ya Kipushi,
alianza upya,
alianza upya,
jasho likimtoka kama mbeba simenti.

Mchungaji alisema ni pepo, akataja bei yake.
Shangazi alisema wamemloga hukohuko ndani.
Vijana wa kona walitumia neno fupi zaidi,
lile linalomfunga mtu bila kufuli.
Mimi, sitaficha, nilisema: "Acha basi, Mwepu, unatuaibisha."

Mama Odile ndiye aliyekuja bila kuitwa,
nesi aliyekuwa akiingia Kasapa kila Alhamisi
na vidonge visivyotosha.
Akakaa kwenye kiti chetu chenye miguu mitatu na tofali.
Hakuuliza analalaje. Hakuuliza anasikia sauti gani.
Aliuliza: "Nani alikosekana?"

Umeme ukakatika. Hakuna aliyewasha mshumaa.
Ni gizani Mwepu alipolitoa jina tusilolijua:
Kazembe. Kijana wa Kambove, mwembamba,
mpenda kuimba pua ikiwa imeziba.

"Kapita alinipa kazi ya kuhesabu.
Tulikuwa mia na kumi na wawili, chumba cha watu thelathini.
Tunalala ubavu ubavu, mmoja akigeuka, wote tunageuka.
Usiku ule nilihesabu vichwa, nikapata mia na kumi na wawili.
Nikaandika: wametimia.
Kumbe mmoja alikuwa ameshapoa.
Tuligeuka naye mpaka asubuhi."

Mama Odile hakusema pole.
Aliuliza Kazembe aliimba nini, na Mwepu akamwambia.

Kesho yake, saa kumi na mbili,
kidole kilipomfikia Ngoie wangu, wa miaka saba,
mtoto hakusimama kama mti. Alikishika kile kidole,
akakiweka shingoni mwake, chini ya taya:
"Nipo, mjomba. Gusa. Nina moto."

Tangu hapo ndivyo tunavyohesabiwa.
Hata Mama, asiyependa kuguswa, hulegeza kitenge.
Hata mume wangu, na vumbi lake la barabara.
Kunachukua muda. Bukari hupoa.

Sisemi amepona. Alhamisi iliyopita
alitaka kumsindikiza Mama Odile, akawasalimie waliobaki,
akafika karibu na geti, magoti yakakataa.
Walirudi kwa miguu, wakinunua karanga.
Ya kwenye foronya bado naikuta,
ila siku hizi ni kipande kidogo, kama cha kumwekea mtu.

Na jana alituhesabu, akafika sita,
akabaki pale mlangoni, kidole hewani
hakina pa kwenda.
Kisha akajigusa shingo.
Akangoja kidogo.
Akaingia kula.