Nilivyoyafagia Maonyesho

Umeniuliza, Somoe, kipi nilichokipenda.
Simu yangu kioo kimepasuka, picha zinatoka na nyufa,
basi nitakupa kwa maneno,
nawe huko Hola, ukimaliza zamu ya wodi, ujichoree mwenyewe.

Waliweka kazi thelathini na nane, mji mzima,
kila moja na nambari yake ya bati,
na ramani ya bure ambayo jioni naikuta mtaroni
imefungiwa bajia.
Mimi sikuhitaji ramani.
Saa kumi na moja alfajiri nimeshashika ufagio,
Mkomani hadi Langoni,
sanaa yote nimeiona kabla haijanawa uso.

Nianze na nisichokipenda, niutue mzigo:
lile dude la nyaya pale gatini.
Wameliandika jina, "Kumbukumbu".
Kunguru wamelielewa kuliko mimi,
siku ya pili walishaanza kujenga.

Sasa ile ya kumi na saba.
Unalikumbuka gofu la nyuma ya kwa Bi Barke,
tulikokatazwa kucheza, tukacheza?
Dari hakuna, ukuta wa zidaka bado umesimama.
Kijana mmoja wa Faza katia funguo,
kila kidaka ufunguo mmoja,
za nyumba zilizouzwa.
Kazipata wapi, sijui. Watu walimpa.
Mchana wageni wanapiga picha.
Mimi nilimkuta Mwana Zaharia, kabla ya jua, na kurunzi,
anapitisha mwanga kidaka kwa kidaka
kama anayemtafuta mwanawe katika picha ya darasa.
"Si huu," akasema, bila kugeuka.
"Wetu ulikuwa na jino pungufu."
Pale sikufagia siku ile.

Ya sita ni vivuli vya punda,
kwa masizi juu ya chokaa, kimo cha punda kweli,
mbele kidogo ya wikio,
kichochoro ambamo wawili hawapishani
bila mmoja kuomba radhi.
Saa mbili, punda wa Shekuwe akipita na mawe,
kivuli chake kinapanda juu ya kile cha masizi,
na kwa hatua moja, moja tu, vinalingana.
Siku tatu nilisimama kuingojea hatua hiyo.
Msimamizi kanikata nusu siku. Haidhuru.

Famau anashikilia kwamba ya vioo ndiyo bora,
maana humo ndimo alimogundua
kinyozi amemdhulumu upande wa kushoto.
Kila mtu na lake.

Lakini niliyoipenda, Somoe, haikuwa na bati.
Langoni, ukuta wa ghala la boriti,
mtu (mtoto, nadhani, kwa kimo cha mistari)
kachora mlango kwa mkaa.
Vizingiti, nguzo ya kati, pete ya kubishia,
hata ua la duara kule juu, limepinda,
pengine alisimama juu ya ndoo, ndoo ikayumba.
Jumatatu zenye nambari zilitiwa masandukuni,
zimevishwa blanketi kama wagonjwa.
Mimi nikapewa orodha yangu: fagia, ondoa, futa.
"Na kisicho na nambari?" niliuliza.
"Kisicho na nambari ni uchafu."

Tambara lilikuwa limeshalowa mkononi.
Nikatazama huku na huku. Mtaa bado unakoroma.
Nikabisha.
Mkaa ukanibakia kwenye vifundo vya vidole.
"Hodi," nikasema, si kwa sauti kubwa.
Kisha, kama tulivyofunzwa,
nikasogea pembeni ya mlango, nisije nikachungulia ndani,
nikangoja.